Saa ya mkononi inasema umelala vizuri: imepima nini hasa?

Septemba 2024, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliruhusu saa ya Apple imwonye mvaaji kwamba huenda pumzi yake inakatika akiwa usingizini. Mwezi Februari mwaka huohuo Samsung nao walikuwa wamepata ruhusa ya aina hiyo. Siku hizi saa na programu za simu zinazodai kupima usingizi zimejaa. Mtu anaamka, anafungua simu, anasoma: usingizi mzito saa 1 na dakika 20, usingizi wa ndoto saa 2.

Saa imejuaje, na haijagusa kichwa?

Swali hili si la wenye saa za bei peke yao. Anayekatika pumzi usiku husinzia mchana, na miongoni mwao wamo madereva wa mabasi, malori na bodaboda. Akiambiwa na mashine kwamba hana tatizo, ataendelea kuendesha.

Hospitalini wanafanyaje

Kipimo kamili cha usingizi huchukua usiku mzima. Mgonjwa anafika jioni, na mtaalamu anaanza kazi kwa futi ya kamba kama ya fundi cherehani. Anapima kichwa kuanzia kibonde kilicho juu ya pua, katikati ya macho, hadi kinundu cha mfupa kisogoni. Urefu huo anaugawa kwa asilimia 10 na 20 ili kupata mahali pa kubandika elektrodi, yaani vijisahani vidogo vya chuma vyenye waya vinavyonasa umeme hafifu wa ubongo. Utaratibu huu ulichapishwa na Herbert Jasper mwaka 1958 na bado unatumika.

Elektrodi zinakaa sehemu ya mbele ya kichwa, katikati na kisogoni, na kila moja inalinganishwa na ile iliyo nyuma ya sikio la upande wa pili. Mbili zinakaa kando ya macho: moja chini kidogo ya pembe ya nje ya jicho la kushoto, nyingine juu kidogo ya pembe ya jicho la kulia. Nyingine zinabandikwa kidevuni na kwenye miguu. Juu ya hayo kuna kijimrija cha puani, mikanda ya kifua na tumbo, na kifaa cha kidole cha kupima oksijeni.

Kila mahali pana sababu yake. Mtu aliye macho lakini amefumba macho, mawimbi yake huonekana vizuri zaidi kisogoni. Mawimbi makubwa ya usingizi mzito huonekana zaidi mbele. Kidevu kinahitajika kwa sababu kwenye usingizi wa ndoto misuli hulegea huku macho yakichezacheza. Jambo hilo la macho lilielezwa na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1953.

Sasa sogeza elektrodi pasipostahili uone. Kanuni inasema wimbi la usingizi mzito lazima lizidi kipimo cha mikrovolti 75. Elektrodi mbili zikikaribiana kupita kiasi, wimbi linaonekana dogo, na msomaji ataandika kwamba mgonjwa hakupata usingizi mzito wa kutosha. Sisi wa redio tunalijua hili: sogeza maikrofoni mbali na mdomo, sauti inashuka ingawa msemaji hajapunguza chochote.

Kurasa 960 za usiku mmoja

Rekodi hukatwa vipande vya sekunde 30. Usiku wa saa 8 una vipande 960, na kila kimoja hupewa jina: macho, usingizi mwepesi wa hatua ya kwanza, hatua ya pili, usingizi mzito, au usingizi wa ndoto. Kanuni za kwanza zilizokubalika kwa upana zilitoka 1968, na mwaka 2007 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilizipanga upya.

Hata hivyo, binadamu hawakubaliani kila mara. Utafiti uliochapishwa 2013, wenye wasomaji zaidi ya 2,500, ulikuta wanakubaliana katika vipande takriban 83 kati ya 100. Kwenye hatua ya kwanza ya usingizi makubaliano yalishuka hadi 63. Hawa ni watu wenye mawimbi ya ubongo mbele ya macho yao. Saa ya mkononi inakisia kwa mapigo ya moyo na mwili kutikisika, kwa hiyo ile saa 1 na dakika 20 ichukue kama makadirio.

Ukweli kwa upande wa saa: kwa takwimu za Apple wenyewe, ni nadra kumwonya mtu asiye na tatizo. Lakini kati ya wenye tatizo la kati au kubwa, iliwatambua takriban 2 katika kila 3. Kwa hiyo ikikuonya, nenda hospitali, na ikinyamaza, haijakupa cheti cha afya.

Hesabu inayoweza kukuponyoka

Kipo pia kipimo cha kwenda nacho nyumbani, ambacho mara nyingi hakina elektrodi za kichwani. Ni nafuu na kinasaidia wengi, lakini angalia hesabu yake. Tatizo hupimwa kwa kugawa idadi ya mara pumzi ilipokatika au kupungua kwa saa za usingizi. Jibu likifika 5, tatizo limeanza. Tuseme pumzi imesumbua mara 32, na mtu amelala saa 5. Jibu ni 6.4. Kifaa kisichojua kama umelala au unajigeuzageuza tu kitandani kitagawa kwa saa zote 8 kilizorekodi. Jibu linakuwa 4, na unaambiwa uko salama.

Tena, wapo ambao pumzi ikibanwa ubongo wao unashtuka kabla oksijeni haijashuka sana. Mshtuko huo huonekana kichwani tu.

Na kifaa cha kidole kina jambo linalotuhusu Waafrika moja kwa moja. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba vifaa hivyo vilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi kuliko kwa weupe. Januari 2025 FDA ilitoa rasimu ya masharti mapya ili vijaribiwe kwa watu wa rangi mbalimbali.

Mwongozo wa madaktari hao wa Marekani wa 2017 unasema kipimo cha nyumbani kisipoonyesha tatizo na daktari bado ana shaka, mgonjwa afanyiwe kile kamili. Maabara zake kwetu ni chache na ziko miji mikubwa, najua. Ndiyo maana ukipewa karatasi ya majibu muulize daktari: mmegawa kwa saa nilizolala, au saa nilizokuwa kitandani? Anayelala nawe chumbani pia aje aeleze anachosikia usiku.

Ukipangiwa kipimo kamili, osha nywele na usipake mafuta. Akina mama, uliza mapema kuhusu rasta na wigi la kushonea, kwani elektrodi lazima iguse ngozi. Mistari ya twende kilioni inaacha njia. Huko Carnegie Mellon, Marekani, mwaka 2020 wahandisi walionyesha elektrodi zinazobana katikati ya mistari hiyo.