Stering Hafi

Ipo kanuni moja ya usimulizi ambayo haimo katika vitabu vya nadharia ya fasihi, lakini anaijua kila mtoto aliyewahi kulipa vishilingi vyake kuingia kibanda cha video, iwe ni Malindi mjini, Gongoni au Mtwapa: stering hafi. Nguli huyo wa sinema atapigwa risasi, ataanguka kutoka ghorofani, nyumba itamlipukia. Mwishowe atainuka, ajipanguse vumbi na kumwandama adui yake. Mtazamaji anayeshuku hili huchekwa na benchi zima.

Wanafunzi wa Kiswahili aghalabu huipuuza kanuni hii kwa kuiona ya kitoto. Wanakosea. Kanuni ina historia yake, na kwa kiasi kikubwa historia hiyo ni ya dirisha la tiketi. Mathalani, katika riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972, Rambo hufa. Filamu ilipotengenezwa, kifo chake kilipigwa picha, ila watazamaji wa majaribio hawakukipenda, kikaondolewa. Mwaka 1982 filamu ikatoka nguli akiwa hai, na kwa kuwa alikuwa hai, aliweza kurudishwa mwaka 1985, 1988, 2008 na 2019. Anayezitazama zote kwa mfululizo humwona askari aliyejeruhiwa moyo na vita akigeuka hatua kwa hatua kuwa mashine ya kuulia. Ile ya kwanza inatosha.

Fasihi ya pwani hii haikuwahi kuogopa kumzika nguli wake. Utenzi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, humuua Liyongo kwa sindano ya shaba, tena kwa mkono wa mwanawe. Naye akiisha kudungwa kitovuni huenda kisimani, akapiga goti, mshale upindeni, akafa vivyo hivyo. Watu wa mji wakakaa siku kadha bila kuteka maji, wakimdhania hai. (Yamkini hao ndio walioamini kabla ya wote kwamba stering hafi.) Kaburi linalosemwa kuwa lake liko Ozi, karibu na Kipini, kaskazini mwa Malindi, na hakuna aliyewahi kudai sehemu ya pili.

Kwa kipimo hicho, filamu ya Wakanda Forever inastahili kutazamwa upya. Ile ya kwanza, Black Panther, ilipokewa nchini kwa mbwembwe nyingi mnamo Februari 2018, hata uzinduzi ukafanyika Kisumu kwa heshima ya Lupita Nyong'o. Kisha Agosti 2020 Chadwick Boseman, aliyemwigiza mfalme T'Challa, akafariki dunia. Watengenezaji hawakumtafuta mwigizaji mwingine. Walimzika mfalme mwanzoni mwa filamu ya mwaka 2022. Maombolezo hayo, watu wakiwa wamevaa nyeupe, ndiyo sehemu bora ya kazi nzima. Baada ya hapo vita vinarudi kama kawaida, na mwishoni kabisa anatolewa mtoto wa kiume mwenye jina la baba yake. Mwana wa Liyongo aliifunga hadithi kwa sindano. Mwana wa T'Challa ameletwa ili duka lisifungwe.

Si kwamba kila sehemu ya pili ni ulafi. Ipo inayodaiwa na hadithi yenyewe. Mekatilili wa Menza alikamatwa na Waingereza mnamo Oktoba 1913, akapelekwa kuzuiliwa Kisii. Januari 1914 akatoroka, akarudi hadi nchi ya Wagiriama na kuendelea na alilokuwa ameanza. Alikamatwa tena Agosti mwaka huo. Mtunzi wa sinema angalibuni kurudi kama huko angeshutumiwa kwa kutia chumvi. Lakini watoto wa Kilifi wanaoweza kutaja kwa zamu kila mara Rambo aliporejea ni wengi kuliko wanaoweza kusimulia safari hiyo ya kutoka Kisii.

Wa kuisimulia wapo. Alivyofanya Lufufu nchini Tanzania, ndivyo DJ Afro alivyofanya nchini Kenya: kumwaga Kiswahili juu ya picha za wageni, kumsuta adui, kumpa jasusi wa Marekani maneno ya kijana wa mtaani. Filamu mbovu hutazamwa hadi tamati kwa ajili ya sauti hiyo, kama ngano iliyochakaa inavyosikilizwa tena kwa ajili ya nyanya anayeitamba. Hata hivyo, mwanafunzi atakayependekeza kuwatafiti wasimulizi hawa katika idara za Kiswahili hana budi kujiandaa kuulizwa iwapo hiyo ni fasihi. Ajibu kwa kwenda kibandani na kinasa sauti, kabla simu za mkononi hazijawamaliza watazamaji wa mabenchi. Aanze na swali dogo: jeneza la T'Challa lilipopaa kuingia chomboni, stering akiwa amekufa kweli, msimulizi alisema nini, na benchi likajibu nini?