Bariadi–Lamadi: tunapita tu, hatuangalii

Mwambie kijana wa Dar kwamba unaenda Bariadi kutembea, atakuuliza kama umehamishwa kikazi. Wengi wanaijua Bariadi kwa mambo mawili tu: pamba na Mzee John Cheyo, Bwana Mapesa. Mandhari kwao ni Lushoto, Marangu, Matema... milima, baridi, maji yanaporomoka, picha imepigwa.

Haya, nikiri mapema. Simiyu hakuna Kilimanjaro, na ukitaka maporomoko ya kupigia picha nenda Materuni. Lakini Oktoba iliyopita nilipanda Noah kutoka Bariadi kwenda Lamadi, nikapata kiti cha dirishani, na leo nitabishana na yeyote: ile ni moja ya safari nzuri za Kanda ya Ziwa.

Ni kilometa 71.8 za lami, barabara ambayo Rais Magufuli aliifungua Januari 2017. Unaiacha Bariadi, unapita Nyakabindi palipofanyika Nanenane ya kitaifa kuanzia 2018 hadi 2020, unaipita Dutwa. Kuna vilima vya mawe, majabali yamepandana kama vile kuna mtu aliyapanga halafu akayasahau. Pamba imeshavunwa, udongo mweusi umepasuka kwa jua. Ng'ombe ni wengi kuliko magari. Kulia, mbali kule, ni Serengeti. Halafu nchi inaanza kushuka polepole, na mbele unatokea mstari wa buluu: Ziwa Victoria. Ukifika Lamadi ziwa liko upande mmja na lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti haliko mbali. Unakula sato mchana, jioni unaangalia nyumbu. Nani anayo hiyo?

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike.

Njiani gari letu lilichemsha. Dereva akaegesha karibu na daraja, konda akachukua kidumu akateremka mtoni kutafuta maji ya rejeta. Nikamfuata. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu, mweupe, mpana, na kusema kweli ulipendeza. Katikati kulikuwa na akina mama na watoto wamechimba mashimo, wanachota kwa vikombe.

"Shikamoo mama. Tunaomba maji kidogo, gari limechemsha."

"Marahaba wanangu." Akakitazama kidumu, akalitazama shimo lake. "Subirini yajae."

Tukasubiri. Kikombe kimoja, kingine, kingine. Tuliondoka na nusu kidumu, na hakutaka hela. Baadaye kidogo nikaliona ziwa, kubwa kuliko yote Afrika, na sikuweza kulifurahia kama nilivyotarajia.

Jamani, hilo ndilo ninalotaka tuliseme. Mkoa huu umezaliwa Machi 2012 na umepewa jina la mto! Mto Simiyu, pamoja na Duma, unapeleka maji Ziwa Victoria. Lakini kando ya mito watu wanalima mpaka ukingoni, miti inakatwa kwa ajili ya mkaa, na mvua ikinyesha udongo unasombwa hadi ziwani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli hizo ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Nani amewahi kuziona hizo mita 60? Mimi sijaziona.

Najua utaniambia mwaka 2017 mfuko wa kimataifa wa tabianchi, GCF, uliidhinisha mradi wa kuleta maji ya ziwa Simiyu. Ni kweli, na ni jambo jema. Lakini bomba haliufufui mto. Na mkulima mwenye ekari mbili hutamwondoa ukingoni kwa hotuba. Mpe kisima na mahali pengine pa kulima, halafu ndipo umsomee sheria.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mdogo. Nendeni Bariadi. Kaeni dirishani, zima simu, angalieni. Tukishapazoea mahali tutaona aibu pakiharibika. Tusipopajua, patakufa na wala hatutasikia.

Ila ukifika kwenye lile daraja, beba maji yako mwenyewe. Yule mama ana foleni yake.