Mashine ya pumu isikucheleweshe kufika hospitalini

Ugonjwa wa pumu hauna tiba ya kuumaliza kabisa, lakini unadhibitika. Mtoto mwenye pumu anaweza kucheza kandanda na wenzake, na mtu mzima akafanya kazi yake bila taabu. La kusikitisha ni kwamba wagonjwa wengi hawajaionja hali hiyo. Wanaishi kwa kutegemea mashine ya kuvutia dawa, yaani nebulaiza.

Zamani mashine hii ilikuwa ya hospitali. Leo inauzwa madukani na familia nyingi za mijini zinayo nyumbani. Sina ugomvi nayo. Hugeuza dawa ya maji kuwa ukungu mwembamba, na mgonjwa akauvuta kwa kupumua kama kawaida. Ninalopinga ni mazoea ya kuiwasha tena na tena nyumbani huku ugonjwa ukizidi.

Hebu tazama mambo yanavyokwenda usiku wa baridi mwezi wa Julai. Mtoto anabanwa na kifua saa tatu, anawekewa mashine, anapata nafuu. Saa tano anaanza tena, anawekewa tena. Saa saba, vivyo hivyo. Kunapokucha ametulia, hakohoi wala halii, na wazazi wanashukuru kwamba amelala. Kumbe amechoka kupumua. Kifua kilichokuwa kikipiga mluzi kikinyamaza ghafla ilhali mtoto amelegea, huenda ni kwa sababu hewa haipiti tena. Hiyo ni hatari kubwa.

Yafaa tuelewe dawa yenyewe inafanya nini. Salbutamol, inayotumiwa sana katika mashine hizi, hulegeza misuli inayobana njia za hewa. Nafuu huja katika dakika chache. Lakini ndani ya njia hizo kuna uvimbe na makohozi mazito, na salbutamol haitibu uvimbe. Kazi hiyo hufanywa na dawa za kuvuta za jamii ya steroidi, kama vile beklometasoni na budesonidi, zinazotumiwa kila siku hata mgonjwa akijisikia mzima. Anayetegemea salbutamol pekee ni kama mtu apangusaye maji sakafuni ilhali paa lingali linavuja.

Maoni haya si yangu peke yangu. Mwaka wa 2019, jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu, GINA, lilitangaza kwamba halipendekezi tena watu wazima na vijana kutibiwa kwa dawa ya aina ya salbutamol peke yake. Na mwaka wa 2022, mamlaka inayosimamia dawa nchini Uingereza ilionya kwamba kuwatibu watoto waliobanwa na pumu kwa nebulaiza nyumbani, bila usimamizi wa daktari bingwa, kunaweza kuficha hali inayozorota na kuwachelewesha kupata matibabu.

Ikiwa daktari amekuagiza uitumie mashine nyumbani, zingatia haya. Kipimo cha dawa ni kile alichoandika yeye. Kukizidisha huleta mitetemeko ya mikono, moyo kwenda mbio na kupungua kwa madini ya potasiamu mwilini. Dawa ikihitaji kuongezewa maji, tumia maji ya chumvi yaliyotakaswa ya duka la dawa. Maji ya mfereji, hata yaliyochemshwa, yanaweza kukibana kifua zaidi. Mgonjwa aketi wima, na barakoa imshike vizuri usoni, kwani ikishikiliwa mbali dawa nyingi hupotea hewani. Baada ya kila matumizi, osha kikombe na barakoa kwa maji vuguvugu na sabuni, suuza, kisha uviache vikauke vyenyewe. Kikombe kichafu hupeleka viini moja kwa moja mapafuni. Ukivuta dawa ya steroidi, sukutua mdomo na unawe uso.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Kwa mgonjwa ambaye hajazidiwa sana, inhela ya kawaida iliyounganishwa na chupa ya kuvutia dawa hufanya kazi sawa na nebulaiza. Haihitaji umeme, nasi twajua jinsi stima inavyopotea usiku wa mvua. Asiyeweza kununua chupa hiyo asikate tamaa. Utafiti uliofanywa Cape Town na kuchapishwa mwaka wa 1999 ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni na kuunganishwa vyema na inhela, iliwafaa watoto sawa na ile ya kununuliwa. Mwombe mhudumu wa afya akuonyeshe inavyotengenezwa na kutumiwa.

Je, ni lini usingoje? Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi moja bila kutweta, mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, midomo ikigeuka rangi, akisinzia au kuchanganyikiwa, nenda hospitalini mara moja, huku ukiendelea kumpa dawa njiani. Nenda pia ikiwa nafuu haidumu muda wa saa 4. Hospitalini dawa hupulizwa kwa oksijeni, ilhali mashine ya nyumbani hupuliza hewa ya kawaida tu. Aliyezidiwa anaihitaji oksijeni hiyo pamoja na steroidi za kumeza au za sindano.

Kwa maoni yangu, hakuna nebulaiza inayofaa kutoka dukani bila maelezo ya daktari kwa maandishi: dawa gani, kiasi gani, mara ngapi, na wakati wa kuacha kungoja. Kama unayo nyumbani na huna karatasi hiyo, iombe utakapomwona daktari. Na umuulize pia swali hili: iko wapi dawa yangu ya kila siku ya kuzuia uvimbe?