Binti Anataka Saikolojia na Ngoma



Mwezi huu tunajibu swali lililotufikia kutoka Kasulu, na jingine linalofanana nalo kutoka Kibondo. Binti amemaliza kidato cha sita. Anataka kusomea saikolojia, na papo hapo hataki kuiacha ngoma, maana tangu utoto ndiye aliyewaongoza wenzake kucheza kanisani siku ya mavuno. Baba amekwisha kusema kwamba hatauza maharage ili mtoto apelekwe kucheza. Mama yuko katikati, anatuuliza: je, kuna chuo kinachofundisha mambo hayo mawili kwa pamoja, na je, ni halali kwa Mkristo?

Tuanze na hilo la pili, kwa sababu ndilo linalozuia la kwanza. Katika nchi yetu ya Buha kumtibu mtu kwa ngoma si jambo jipya, nalo lilikuwa na jina: kubandwa. Bibi zetu waliliona kwa macho yao. Dini ilipoingia lilikatazwa, kwa hiyo mama Mkristo akisikia mtu anasema habari za kuponya nafsi kwa ngoma, mara moja anafikiri mizimu. Wazazi wa Dar es Salaam pengine hawaijui hofu hiyo. Sisi tunaijua, na si ya kuchekwa.

Lakini yanayosomwa vyuoni siyo hayo. Mwalimu mmoja wa dansi huko Marekani, Marian Chace, alianza mwaka 1942 kufanya kazi na wagonjwa wa akili katika hospitali ya St. Elizabeths mjini Washington. Alikuwa akiufuata mwendo wa mgonjwa mwenyewe. Akiyumba, naye anayumba. Akitikisa mkono, naye anautikisa, mpaka mtu aliyejifungia ndani yake atambue kwamba yupo mwenzake. Hakuna pepo aliyeitwa wala kafara iliyotolewa. Mwaka 1966 watu wa kazi hiyo waliunda chama chao, naye Chace akawa rais wa kwanza. Anayeogopa kwamba Maandiko yanakataza na asome tena habari za Sauli alivyotulizwa kwa kinubi cha Daudi, kisha afungue 2 Samweli sura ya 6 aone ni nani aliyecheza mbele za Bwana kwa nguvu zake zote, na ni nani aliyemdharau kupitia dirishani.

Tena kama kuna mahali ambapo elimu hiyo ingefaa, ni huku kwetu. Tangu Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa, na tena tangu vita vya Zaire vya mwaka 1996, wilaya zetu zimepokea watoto waliobeba mambo ambayo mdomo hauwezi kuyasema. Nyarugusu ilijaa Wakongo, na mwaka 2015 Nduta ilifunguliwa tena kwa ajili ya Warundi. Mtoto wa namna hiyo huwezi kumketisha kwenye kiti na kumwambia aeleze moyo wake. Anaweza, hata hivyo, kupiga makofi akiufuata mdundo, na kesho yake akacheza na wenzake. Yule anayemchezesha asipojua lolote kuhusu nafsi ya mtoto aliyeona mauaji, anaweza kumwumiza zaidi. Ndiyo sababu binti huyu anataka yote mawili, na sisi tunaona ana akili kuliko anavyodhaniwa.

Hapa nchini mfano upo. Mwaka 1996 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Penina Mlama na Profesa Amandina Lihamba, walianzisha mpango wa TUSEME katika shule za sekondari. Wasichana walitafuta wenyewe yanayowakwamisha shuleni, wakayasema kwa maigizo, nyimbo na ngoma mbele ya walimu na wazazi. Shirika la FAWE liliuchukua mpango huo hadi nchi nyingine za Afrika. Wale waliokuwa wakisema kwamba sanaa ni mchezo tu wangekaa kimya kama wangemwona msichana aliyeshindwa kumwambia mwalimu mkuu kwa maneno akimwambia kwa igizo.

Sasa vyuo. Tusidanganyane: shahada moja ya Kitanzania yenye saikolojia na ngoma ndani ya jina lake hakuna. Inabidi kuunganisha, na namna ya kuunganisha ndiyo inayoamua kama binti atapata kazi au atarudi nyumbani na cheti asichojua pa kukipeleka.

Wengi hutaja kwanza Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilianza huko mwaka 1981, na mwaka 2007 kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Kwa ngoma hakuna chuo cha nchi hii kinachokishinda. Anayekwenda huko atajifunza kwa mwili wake, kila siku, na ngoma za makabila mengi. (Wanaouliza kama kuna kanisa: Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, basi ibada haitakosekana.) Ila sikilizeni vizuri. Anayepata stashahada huko na kutaka baadaye kuingia chuo kikuu atadaiwa kwa kawaida wastani wa 3.0 au zaidi, na katika mwongozo wa TCU kila shahada imeandikiwa ni stashahada zipi inazokubali. Stashahada ya sanaa humwelekeza mtu kwenye shahada ya sanaa. Mlango wa saikolojia huenda usifunguke kwa ufunguo huo.

Kwa hiyo binti mwenye alama nzuri mbili za kidato cha sita tungemshauri asianzie Bagamoyo. Aombe shahada ya ualimu katika saikolojia, inayotolewa Dar es Salaam na pia Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007. Vyuo vyote viwili vina idara za sanaa za maonyesho, na hilo ndilo jambo la kutazama: je, mwanafunzi wa saikolojia anaruhusiwa kuchukua masomo kadhaa ya idara ile nyingine? Swali hilo liulizwe idarani kwenyewe kabla ya kuthibitisha nafasi, kwa maana ratiba zikigongana ruhusa ya kwenye karatasi haisaidii. Mwenye kuupenda muziki zaidi ya ngoma akumbuke Makumira, karibu na Arusha, chuo kikuu cha Walutheri chenye shahada ya muziki.

Wa Kibondo watuvumilie tukiwatajia Makerere pia. Kwa barabara ya Biharamulo na Mutukula, Kampala ni karibu zaidi kwenu kuliko Dar es Salaam, na pale muziki, ngoma na maigizo vimefundishwa tangu miaka ya 1970, saikolojia nayo ikiwa kwenye kilima hicho hicho. Kinachoharibu ni fedha. Mikopo ya Bodi imekusudiwa hasa wanaosoma vyuo vya ndani. Na kwa Bagamoyo, mikopo ya stashahada iliyoanza mwaka 2023/2024 ililenga fani maalumu kama afya, kilimo na uhandisi, basi anayekwenda kusomea ngoma ajipange kama mtu atakayelipa mwenyewe. Kwa shahada ya saikolojia binti anaweza kuomba mkopo kama wengine.

Hili la mkopo ndilo tungelianza nalo kwa baba, kabla ya Daudi na kabla ya Chace. Mwanamume anayesema hatauza maharage mara nyingi anahesabu magunia, hata kama mdomo unasema dini. Mwonyesheni kwamba shahada inayoombwa ni ya ualimu, na kwamba mwenye elimu hiyo anaweza kufundisha na kutoa ushauri nasaha shuleni. Halafu binti mwenyewe aeleze, kwa kinywa chake, ngoma itakaa wapi katika kazi hiyo. Akishindwa kueleza, huenda naye bado hajaamua, na mwaka mmoja wa kuwafundisha watoto wa Shule ya Jumapili hautampotezea kitu.

Dirisha la maombi ya vyuo vikuu kwa kawaida hufunguliwa mwezi wa saba. Kwa ajili ya mkopo cheti cha kuzaliwa huhakikiwa na RITA, na jina likipishana hata herufi moja na la cheti cha kidato cha nne, kulisahihisha huchukua majuma. Vitoeni vyeti hivyo sandukuni mwezi huu mvilinganishe.