Gari ya moshi ya mezani: plani kwanza



Likizo iliyopita tulitaka kutengeneza njia ya gari ya moshi nyumbani, kwa mbao, waya na makopo ya samaki. Tukaanza na misumari. Kumbe kona tuliifanya kali sana: gari fupi ilipita, lakini behewa refu, ambalo magurudumu ya mbele na ya nyuma yanaachana mbali, likatoka njiani kila mara. Mbao za baba zikaharibika, na makelele yake tuliyasikia sisi.

Wengine wanasema kuchora plani ni kazi ya darasani, inaua mchezo. Mimi nakataa. Tuhesabu kidogo. Njia yetu ya Katanga, ile iliyofika Elisabethville (njo Lubumbashi) mwaka 1910, ina upana wa milimetri 1067 kati ya chuma na chuma. Gawanya kwa 20: sentimetri 5 na kidogo. Hiyo mkono unaweza. Lakini kilometri moja inakuwa metri 50! Nyumba ya nani iko vile? Basi lazima kuchagua: gare moja, njia mbili, pahali pamoja pa kubadilisha njia. Kuacha kitu njo kugumu kuliko kukiweka. Mimi niliacha daraja, na roho iliniuma kabisa.

Tupime na meza, mkono ufike katikati. Gari ikianguka kule, nani ataiokota?

Plani yangu mpya nitaileta Jumatano, saa ya mapumziko. Mwenye kuona kosa aseme mbele ya kupiga msumari.