Ufundi Mpya Wahitaji Wanagenzi

Visiwa vyetu havijapata kukosa mafundi. Fundi wa jahazi hakungoja cheti ndipo ashike shoka. Alikaa uwanagenzi, akatumwa, akasahihishwa, hata mkuu wake akamwamini. Leo umezuka ufundi mwingine ambao vijana wetu wanauulizia, nao ni wa kubuni huduma za kidijitali, yaani kupanga namna mtu atakavyotuma fedha, atakavyolipa kodi au atakavyoomba kibali kwa simu. Kazi hii si uchoraji wa mapambo. Mbunifu ndiye aamuaye nini kitangulie, neno gani litumike, na mtu akikosea arudi vipi.

Mfano wa uzito wa kazi hiyo u karibu. M-Pesa ilipoanza kujaribiwa Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa wakopaji wadogo wapokee na kurejesha mikopo. Wahusika walipotazama inavyotumika, waliona watu wanatumiana fedha wenyewe kwa wenyewe. Mpango ukageuzwa, na Machi 2007 huduma ikafunguliwa kwa wananchi ikiwa ya kutumiana fedha. Tanzania ikaipata mwaka 2008. Hapana shaka kwamba wangeng'ang'ania walichokipanga ofisini, faida hiyo isingeonekana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Serikali nazo zaweza kujifunza. Uingereza iliunda idara ya huduma za kidijitali mwaka 2011, ikawaajiri wabunifu katika utumishi wake, na mwaka 2012 ikafungua tovuti ya GOV.UK. Mwaka 2013 tovuti hiyo, isiyo na pambo, ilitunukiwa tuzo ya ubunifu wa mwaka na Design Museum ya London.

Kwa vijana tunasema hivi: vifaa vya kuanzia vipo, na programu kama Figma ina sehemu itumikayo bila malipo. Lakini kujua chombo si kujua ufundi. Mwajiri atataka kuona kazi: tatizo lilikuwa nini, nani aliulizwa, kipi kilijaribiwa na kwa nini kikabadilishwa. Chukueni jambo la hapa petu, kama tiketi ya boti au fomu ya sheha. Kaeni na mtumiaji Mkokotoni au Wete, mtazame anapokwama, kisha mtengeneze upya.

Hata hivyo, hapana mwanagenzi pasipo fundi wa kumshika mkono, na hapa ndipo wajibu wa Serikali unapoingia. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mkataba wa mfumo mpya utenge nafasi za wanagenzi wa visiwani, nao walipwe. Wanafunzi wa SUZA na wa tawi la IIT Madras, lililofunguliwa hapa mwaka 2023, wawe miongoni mwao. Pili, mfumo usipokewe kabla haujajaribiwa kwa Kiswahili na wananchi wa Unguja na Pemba, wakiwamo wazee na wenye uoni hafifu. Tatu, ubunifu uwekewe ngazi zake katika utumishi, ili kijana hodari aione njia ya kupanda bila ya kulazimika kuhama.

Watakuwapo watakaosema kwamba gharama itaongezeka. Gharama ipo tangu hapo, ila haiandikwi katika mkataba. Mwananchi aliyeshindwa na fomu ya simu hulipa nauli mpaka ofisini, na karani hulipwa mshahara kuandika upya yale ambayo mashine ilinunuliwa iyaandike.

Maofisa wenye dhamana ya kutia saini wasingoje mpango mkubwa. Mkataba mmoja wenye wanagenzi wawili watosha kuanzia. Tusipowalea mafundi wetu, tutaendelea kununua milango iliyopimwa kwa nyumba za wengine.