VIWANJA VILIHESABIWA, WALIORUDI BONDENI NANI KAWAHESABU?

Ukitoka Mwenge kwa daladala la Bunju, ukishapita Tegeta na Boko, Mabwepande iko kushoto kwako, ndani kidogo. Huko ndiko serikali ilikowapeleka walalahoi wa bonde la Msimbazi Januari 2012, baada ya mafuriko ya Desemba 2011 kuua watu zaidi ya 40 jijini Dar es Salaam na kuwaacha maelfu wakilala kwenye madarasa ya shule.

Haki yao tuwape. Mvua kubwa namna ile, kwa kauli ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, haikuwahi kuonekana tangu 1954. Mahema yalifika, viwanja vilipimwa, magari yalibeba vyombo, wakubwa wakapiga picha. Kazi ilikwenda haraka, hilo hatubishi.

Tunachouliza ni kwamba mafanikio yake yalipimwa kwa rula gani? Kila mkubwa aliyeshika kipaza sauti alitutajia viwanja: vimepimwa vingapi, vimegawiwa vingapi. Hatukumsikia hata mmoja akitutajia, baada ya mwaka, ni kaya ngapi bado zinalala pale, na zilizoondoka zimeondoka kwa nini.

Mtu wa Jangwani anaishi kwa Kariakoo. Mama ntilie anaamka alfajiri, anakwenda sokoni kwa miguu, anarudi na nyanya zake, saa mbili ana wateja. Mpagazi vivyo hivyo, machinga vivyo hivyo. Miguu ndiyo nauli yao. Sasa mchukue mtu huyo umpeleke kiasi cha kilomita 30, umkabidhi hema na kipande cha pori. Kiwanja hakiliwi! Akitaka kurudi kwenye riziki yake alipe nauli kwenda na kurudi, nayo huenda ndiyo faida yake yote ya siku. Matokeo yake wengine waliuza viwanja wakarudi mjini kupanga vyumba. Tukaambiwa hao ni wakaidi, wamezoea maji. Hivi kwa nini aliyeuza kwa njaa anaitwa mkaidi, na aliyenunua akiwa na gari lake anaitwa mwekezaji?

Na mpangaji je? Nyumba moja ya bondeni ina vyumba sita, kila chumba na kaya yake. Ukimpa kiwanja mwenye nyumba peke yake, umesaidia mmoja na watano umewatupa. Mpangaji hana hati, hana ukuta wa kuwekewa alama ya X, kwa hiyo kwenye makaratasi hajawahi kufurika.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Mwaka 1983 ilikuja sheria ya Nguvu Kazi. Watu wasio na kazi wakazolewa mitaani Dar es Salaam na kupelekwa vijijini. Wengi wao walirudi mjini hata kabla vumbi la malori halijatulia.

Barabara ile ile ya Mabwepande ukiifuata mbele inakufikisha Bagamoyo. Pale wamisionari wa Roho Mtakatifu walianza kazi mwaka 1868, na watu waliokombolewa utumwani walipewa kibanda pamoja na shamba na kazi. Amri zao zilikuwa kali na hatuzitamani. Lakini walielewa kwamba mtu hali kuta.

Na kama Mabwepande ilifaulu, bomoabomoa ya Desemba 2015 katika bonde lile lile la Msimbazi ilikuwa ya nini? Waliokuwa wakilia juu ya matofali yao walitoka wapi?

Sasa kuna mradi mkubwa wa bonde hilo, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 uliopitishwa mwaka 2022. Watu wamelipwa waondoke. Tusiletewe tena hesabu ya hundi zilizotolewa. Tunataka kujua waliolipwa wamehamia wapi, wanakula nini huko, na wapangaji wao wamelala kwa nani.

Pa kuanzia papo. Orodha ya Mabwepande ya 2012 bila shaka imo kwenye kabati la ofisi fulani. Ifuteni vumbi, pandeni daladala kama sisi, mkagonge mlango mmoja mmoja.